Nyama ya friza na mionzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaonunua nyama ya friza, wanaoiuza na wanaoikagua. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji aupime mwenyewe: kwa nyama mbichi iliyokwisha kugandishwa na kufungwa kwenye pakiti, mionzi ni njia bora tuliyo nayo ya kuua vijidudu hadi katikati ya donge bila kuliyeyusha wala kulipika. Si mbadala wa usafi wa machinjio. Ni kizuizi cha mwisho, na kimeokoa watu wachache kuliko ambavyo kingeweza, kwa sababu wengi wanakiogopa kabla hawajaelezwa.

Kupiga nyama mionzi ni kufanya nini hasa?

Ni kuipitisha nyama, ikiwa ndani ya pakiti na katoni yake, mbele ya chanzo cha mionzi kwa muda uliopimwa. Vyanzo vinavyokubalika ni vitatu: miale ya gamma itokayo kwenye kobalti-60 au sesiamu-137, elektroni zinazorushwa na mashine, na eksirei. Mionzi ikipenya ndani ya bakteria hukata nyuzi za DNA yake, yaani maelezo ya urithi anayoyatumia kuzaana. Bakteria wa namna hiyo hawezi tena kugawanyika, na asiyeweza kugawanyika hana namna ya kumwuguza mtu.

Kipimo chake ni grei, yaani joule moja ya nishati iliyonywewa na kilo moja ya chakula. Kilogrei moja ni grei 1,000. Dozi ya juu kabisa inayoruhusiwa Marekani kwa nyama ya ng'ombe iliyoganda ni kilogrei 7, na nishati hiyo haitoshi kuipandisha nyama joto hata kwa nyuzi 4. Nyama iliyoingia ikiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri hutoka ingali imeganda kama ilivyoingia.

Nyama ikishaganda, si vijidudu vimekwisha kufa?

Hapana. Kosa hili ndilo linalowaponza wengi, wakiwemo wauzaji wenye uzoefu mkubwa.

Baridi ya friza huwazuia bakteria wasizaane. Baadhi hufa kweli: Campylobacter, ambaye hupatikana sana kwenye kuku, hupungua kwa kiasi kikubwa. Vifuko vya tegu wa ng'ombe pia hufa nyama ikikaa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10, na ndiyo maana wakaguzi wa nyama huagiza mzoga wenye vifuko vichache ugandishwe badala ya kutupwa. Lakini Salmonella, E. coli O157:H7 na Listeria hukaa hai ndani ya nyama iliyoganda kwa miezi. Itoe pakiti hiyo, iache iyeyuke kwenye beseni kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, na yale maji mekundu yanayojikusanya chini yanakuwa mahali pazuri pa wao kuanza upya. Maji hayo yakidondokea kachumbari, hakuna moto utakaopita tena hapo kabla ya mtu kula.

Listeria ana jambo la ziada: huzaana hata kwenye jokofu la kawaida, taratibu lakini bila kukoma. Afrika Kusini ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2017 na 2018, pale polony, aina ya soseji nene, ilipowaletea ugonjwa watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi.

Mambo haya yalianzia wapi, na kwa nini Marekani hutajwa kila mara?

Kupiga chakula mionzi kulianza kutafitiwa zamani, lakini kwa nyama ya ng'ombe iliyogandishwa historia yenyewe inaanza na vifo vya watoto.

Mapema mwaka 1993, watu zaidi ya 700 waliugua katika majimbo ya Washington, Idaho, California na Nevada baada ya kula baga za mikahawa ya Jack in the Box ambazo hazikuiva vizuri. Watoto wanne walikufa. Aliyesababisha ni E. coli O157:H7, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru, lakini akiingia kwa mtoto wa binadamu huachia sumu inayoharibu kuta za mishipa midogo ya damu, na figo zikasimama. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo ni nyama haramu kuuzwa. Kabla ya hapo ilichukuliwa kuwa ni jukumu la mpishi.

Tangazo peke yake halikutosha. Agosti 1997 kampuni ya Hudson Foods ililazimika kurudisha paundi milioni 25 za nyama ya baga, yaani zaidi ya tani 11,000. Naomba mtazame jambo moja hapa: yalikuwa ni madonge bapa yaliyogandishwa, na bakteria walikuwa wazima ndani yake. Kiasi kilikuwa kikubwa namna ile kwa sababu kiwanda kilikuwa na desturi ya kuchukua nyama iliyobaki leo na kuichanganya kwenye ya kesho. Uchafu wa siku moja ukawa hauna mwisho unaojulikana.

Desemba mwaka huohuo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mionzi kwa nyama nyekundu. Wizara ya Kilimo ilikamilisha kanuni zake Desemba 1999, zikaanza kutumika Februari 2000: hadi kilogrei 4.5 kwa nyama ya jokofu, hadi 7 kwa iliyoganda. Miezi michache baadaye madonge ya baga yaliyogandishwa na kupigwa mionzi yakaanza kuuzwa madukani Minnesota. Kuku alitangulia: aliidhinishwa mwaka 1990 kwa dozi isiyozidi kilogrei 3, ikapandishwa hadi 4.5 mwaka 2012.

Kwa nini nyama ya kusaga ndiyo yenye shida zaidi kuliko steki?

Kwenye steki bakteria wako juu ya uso, na moto wa sufuria unawafikia. Mashine ya kusaga huuchukua uso huo na kuupeleka katikati. Isitoshe, donge moja la baga la kiwandani huweza kuwa na nyama ya ng'ombe wengi sana, kwa hiyo mmoja aliyechinjwa vibaya hugawanywa kwa maelfu ya walaji.

Nyama ikipigwa mionzi, yenyewe inakuwa na mionzi?

Hapana. Mionzi hupita na kuisha, kama mwanga wa taa unavyokoma chumbani mara taa inapozimwa. Ili kitu kianze kutoa mionzi chenyewe, lazima kiini cha atomu zake kibadilishwe, na hilo linahitaji nishati kubwa kuliko inayoruhusiwa. Ndiyo maana Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, zimeweka ukomo: elektroni zisizidi MeV 10 (MeV ni kipimo cha nishati ya mionzi), eksirei zisizidi MeV 5. Miale ya kobalti-60 ina MeV 1.17 na 1.33 tu, na hakuna mtambo unaoweza kuiongezea.

Wakazi wa Unguja wamewahi kuishi karibu na ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1990 mbung'o walitokomezwa kisiwani humo kwa kuzalisha madume Tanga, kuyapiga miale ya gamma hadi yakawa tasa, kisha kuyamwaga kutoka kwenye ndege. Majike yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Madume yale yalimwagwa kwa mamilioni juu ya mashamba na malisho ya watu, na hayakuacha mionzi popote, kwa kuwa hayakuibeba.

Kwa hiyo cheti cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kinahusu jambo hili?

Hapana, ingawa wafanyabiashara wengi huyachanganya. Cheti kile kinasema chakula kinachoingia au kutoka nchini kimepimwa na hakina vitu vinavyotoa mionzi kupita kiwango, kwa mfano sesiamu ya aina ile iliyosambaa Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Huo ni uchafuzi: kitu chenye mionzi kimeingia kwenye chakula na kinaendelea kuitoa ndani ya mwili wa mlaji. Kwenye nyama iliyopigwa mionzi kiwandani, kobalti imefungwa ndani ya vyuma viwili vilivyochomelewa na haigusani na katoni hata kidogo. Nyama hiyo ukiipeleka kwenye kipimo cha cheti hicho, haitaonyesha tofauti na ndugu yake ambaye hakupita mtamboni.

Dozi hupangwaje? Kilogrei moja au mbili zinafanya nini?

Wataalamu hutumia kipimo kinachoonyesha dozi inayoua bakteria tisa katika kila kumi. Kwenye nyama ya ng'ombe ya kusaga, dozi hiyo kwa E. coli O157:H7 imepimwa kuwa kati ya kilogrei 0.24 na 0.31. Kwa Campylobacter ni kama 0.18 hadi 0.24. Salmonella ni mgumu zaidi: 0.6 hadi 0.8.

Sasa piga hesabu. Chukua kilogrei 2 na kiwango kigumu cha E. coli, 0.31. Mbili ukigawa kwa 0.31 unapata zaidi ya 6. Maana yake kila bakteria milioni moja, anayebaki hafiki mmoja. Dozi hiyohiyo kwa Salmonella mgumu, 0.8, inakupa 2.5 tu: katika kila bakteria elfu moja wanabaki kama watatu. Ndiyo sababu hakuna dozi moja ya kusema "hii inatosha". Inategemea unamlenga nani, na nyama ilikuwa chafu kiasi gani ilipoingia. Kiwanda kikileta nyama yenye bakteria wengi mno, hesabu ile ile inabakiza wengi.

Wauzaji huniuliza pia kwa nini wasipige dozi ya juu kabisa kila mara na kumaliza kazi. Kwa sababu ladha ina kikomo chake, kama nitakavyoeleza.

Nasikia nyama iliyoganda inahitaji dozi kubwa kuliko ya jokofu. Kwa nini?

Sehemu kubwa ya kazi ya mionzi hufanywa na maji. Miale ikigonga maji huyapasua na kuzaa vipande vikali, radikali huru, ambavyo hutembea na kushambulia chochote vinachokutana nacho, ikiwemo DNA ya bakteria. Nyama ikiganda, maji yanakuwa barafu na vipande vile vinakwama vilipozaliwa. Bakteria anabaki kupigwa na miale yenyewe, moja kwa moja. Dozi inabidi iongezwe.

Ila kukwama huko kuna faida kubwa, na kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za somo hili. Radikali zilezile ndizo zinazoharibu mafuta, rangi na vitamini. Kwenye barafu hazivifikii vitu hivyo. DNA ni mnyororo mrefu sana, na miale haihitaji msaada mwingi kuupata na kuukata. Protini na mafuta ya nyama hayana udhaifu huo. Kwa hiyo baridi humlinda bakteria kidogo, na huilinda nyama zaidi. Mfano wa juu kabisa ni chakula cha wanaanga: nyama ya NASA hupigwa kilogrei zisizopungua 44 ikiwa imegandishwa, dozi inayoua kila kitu kiasi kwamba pakiti hukaa nje ya friza bila kuoza. Dozi hiyo kwenye nyama isiyoganda ingetoa kitu kisicholika.

Ndani ya mtambo kukoje?

Mtambo wa kobalti ni chumba chenye kuta za zege zinazokaribia mita 2 kwa unene. Katikati kuna bwawa la maji safi lenye kina cha mita 6 hivi, na chini kabisa fremu iliyopangwa fimbo nyembamba za kobalti. Ukichungulia bwawa hilo taa zikiwa zimezimwa, maji yanang'aa bluu tulivu kuzizunguka fimbo. Kazi ikianza, fremu hupandishwa juu ya maji na katoni huzungushwa kuizunguka kwenye reli, pande zote, kwa dakika hadi saa kadhaa kulingana na nguvu ya chanzo. Mtu akitaka kuingia, fremu inazamishwa kwanza. Kobalti hupungua nguvu kwa asilimia kama 12 kila mwaka, hivyo muda wa kuzungusha katoni huongezwa mara kwa mara hadi fimbo mpya zitakapowekwa.

Mtambo wa elektroni hauna kobalti. Ni umeme. Ukizimwa, umezimwa. Kazi yake huisha kwa sekunde, lakini elektroni za MeV 10 hupenya nyama kwa takriban sentimita 4, au kama 8 zikirushwa kutoka pande mbili. Ndiyo maana madonge bapa ya baga, yaliyopangwa kwenye katoni nyembamba, yaliuelekea mtambo huu vizuri, wakati robo ya mzoga isingefaa.

Ndani ya katoni huwekwa vidonge vidogo au vikaratasi vinavyobadilika kulingana na dozi iliyovifikia. Huwekwa mahali panapopata mionzi kidogo kuliko pengine na panapopata nyingi kuliko pengine. Cha kwanza kinathibitisha bakteria wamekufa, cha pili kinathibitisha sheria haikuvunjwa. Mkaguzi makini huomba kumbukumbu za vidonge hivyo kabla hajaomba kitu kingine chochote.

Ni nini ambacho mionzi haiui?

Virusi ni wadogo mno na huhimili dozi hizi. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum ni ngumu sana. Ili kuzimaliza ndipo unapofikia dozi kama zile za wanaanga. Sumu ambazo bakteria wamekwisha kuzitoa, mfano ile ya Staphylococcus, hubaki. Na kile kinacholeta ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe si kiumbe chenye DNA, kwa hiyo mionzi ya chakula haikigusi.

Minyoo, kwa upande mwingine, ni rahisi. Trichinella wa nyama ya nguruwe aliruhusiwa kushughulikiwa kwa mionzi Marekani tangu 1985, kwa dozi ya kilogrei 0.3 hadi 1 tu.

Ladha, harufu na rangi hubadilika?

Kwa dozi kubwa, ndiyo, na anayekuambia hapana kabisa hajawahi kufungua pakiti. Asidi amino zenye salfa huvunjika na kutoa harufu ambayo wengine huilinganisha na nywele zilizoungua au manyoya yenye maji. Mara nyingi hupungua pakiti ikikaa wazi kidogo, na hupungua zaidi ukipika. Kuku huweza kubaki na rangi ya waridi hata akiwa ameiva, kwa hiyo usimpime kwa macho. Nyama ya ng'ombe iliyopigwa mionzi huku hewa ikiwa ndani ya pakiti huelekea kuwa ya kahawia, na mafuta yake huchacha mapema.

Dawa za hayo zinajulikana: gandisha kwanza, ondoa hewa kwenye pakiti, tumia nyama mbichi ya siku hiyo, na usizidishe dozi kuliko inavyohitajika. Nyama iliyokaa siku nyingi kabla ya kupigwa mionzi ndiyo inayotoa malalamiko mengi.

Virutubisho je?

Protini na madini hayabadiliki kwa namna ya kuhesabika. Vitamini B1 hupungua, hasa kwenye nyama ya nguruwe ambayo ni chanzo kizuri cha vitamini hiyo. Kugandisha hupunguza hasara hiyo, na kupika nako huipoteza.

Je, hakuna kemikali mpya zinazozaliwa?

Zinazaliwa, na swali hili linastahili jibu refu.

Nyingi ni zilezile zinazotokea nyama ikichomwa au kukaangwa. Kuna kundi moja, alkilisaiklobutanoni, linalotokana na asidi za mafuta, ambalo hutajwa kama alama ya mionzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walionyesha kwamba kemikali hizo zikiwa safi na kwa kiwango kikubwa zinaweza kudhuru seli za utumbo maabara. Matokeo hayo si ya kupuuzwa, na yalistahili kuchunguzwa. Lakini kiasi kilicho ndani ya nyama halisi ni kidogo mno kikilinganishwa na kile, na wanyama waliolishwa chakula kizima kilichopigwa mionzi, vizazi kwa vizazi, hawakuonyesha madhara hayo.

Mwaka 1980 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Nguvu za Atomu la Kimataifa na Shirika la Afya Duniani ilikusanya tafiti zilizokuwepo na kuamua kwamba chakula chochote kilichopigwa hadi kilogrei 10 hakileti hatari ya sumu. Mwaka 1997 kikundi kingine kilipitia dozi zinazozidi hapo kikafikia uamuzi unaofanana.

Wanaopinga hutaja paka wa Australia, na nadhani ni vema kisa hicho kisemwe waziwazi. Mwaka 2008 na 2009 makumi ya paka walipooza miguu baada ya kula chakula kikavu kutoka nje kilichopigwa zaidi ya kilogrei 50 ili kutimiza masharti ya karantini. Australia ikapiga marufuku mionzi kwa chakula cha paka. Dozi ile ilikuwa mara saba ya kiwango cha juu cha nyama iliyoganda, chakula kilikuwa kikavu, na wanyama hao walikuwa wakila kitu kimoja kila siku. Mbwa waliokula chakula cha aina hiyo hawakuugua hivyo. Ni onyo la kweli juu ya dozi kubwa na mlo wa aina moja. Si ushahidi dhidi ya donge la baga lililopigwa kilogrei 2.

Wenye machinjio hawatazembea wakijua mionzi itasafisha kila kitu?

Hofu hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Jibu langu ni kwamba hesabu za dozi zinawabana: nyama chafu haiwi salama kwa dozi inayoruhusiwa. Vilevile mionzi haiondoi harufu ya uozo, haiondoi sumu, wala haiondoi kinyesi kilichoganda juu ya nyama. Hata bakteria wakifa, mabaki ya uchafu wao yanabaki kwa anayetaka kuangalia. Kanuni za Codex zinasema wazi kwamba mionzi haitumiki badala ya usafi. Hata hivyo sheria kwenye karatasi haitoshi. Nchi itakayoruhusu mtambo bila kuwa na wakaguzi wa kutosha machinjioni itakuwa imefanya kosa, na ningesimama kulipinga.

Kama ni nzuri hivyo, mbona haionekani madukani?

Sababu ya kwanza ni safari. Mitambo ni michache, kwa hiyo nyama hutoka kiwandani kwa lori la baridi, inakwenda mtamboni, kisha ndiyo inaelekea sokoni. Mionzi yenyewe ni senti chache kwa kilo. Lori na friza ndivyo vinavyopandisha bei. Ya pili ni lebo, ambayo muuzaji anaogopa kwamba itamfukuza mteja. Kampuni ya SureBeam, iliyokuwa na mtambo wa elektroni Sioux City, Iowa, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya baga hizo za mwanzo, ilifilisika Januari 2004. Hata hivyo, baga hizi hazikutoweka Marekani wakati huo: maduka ya Wegmans na kampuni ya Omaha Steaks ziliendelea kuziuza.

Umoja wa Ulaya umekaza zaidi. Orodha yake ya pamoja ya mwaka 1999 ina viungo na mimea mikavu ya kunukia pekee, ingawa nchi chache zimebaki na vibali vyao vya zamani. Kwa vibali hivyo, chakula kilichopigwa mionzi kwa wingi kuliko vingine huko Ulaya kimekuwa kwa miaka mingi ni miguu ya chura iliyogandishwa, nyingi ikipitia Ubelgiji. Inaagizwa kutoka Asia, na Salmonella ndiye anayesababisha ipelekwe mtamboni.

Afrika, mitambo ya gamma ipo Afrika Kusini, Misri, Ghana na Nigeria, kwa kazi mbalimbali za vyakula na vifaa vya hospitali.

Kuku wa kugandishwa kutoka Brazil wanaouzwa Lubumbashi au Muscat wamepigwa mionzi?

Usidhani hivyo. Nyama ya friza inayozunguka duniani, kwa sehemu yake kubwa kabisa, imegandishwa tu. Kukaa muda mrefu bila kuoza ni kazi ya baridi. Ishike kama nyama yenye vijidudu hai.

Nitaijuaje dukani?

Tafuta alama ya Radura: duara la kijani ambalo nusu yake ya juu imekatika vipande, na ndani kuna umbo la mmea wenye majani mawili. Ilianzia Uholanzi katika miaka ya 1960. Marekani alama hiyo lazima iambatane na maneno yanayosema chakula kimepigwa mionzi. Lakini mkahawa wa huko haulazimiki kukuambia, kwa hiyo uliza. Ulaya hata kiungo kidogo kilichopigwa mionzi ndani ya chakula kingine lazima kitajwe.

Nikiipata, naweza kuila ikiwa haijaiva vizuri?

Usifanye hivyo. Waliobaki ni wachache, lakini si lazima wawe sifuri, na pakiti ikishafunguliwa inaweza kuchafuliwa na kisu, ubao au mkono wako. Iyeyushie ndani ya jokofu, juu ya sahani yenye kingo, chini ya vyakula vingine vyote. Nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati. Ukiwa na mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa nyumbani, usipunguze hata kidogo.

Maabara inaweza kumgundua anayepiga mionzi kimyakimya bila lebo?

Inaweza. Kwenye mafuta ya nyama hutafutwa zile alkilisaiklobutanoni nilizozitaja, hasa ile itokanayo na asidi ya palmiti. Kwenye mfupa kazi ni rahisi zaidi: radikali zilizozaliwa ndani ya madini ya mfupa hunaswa humo na kukaa muda mrefu, hata nyama ikipikwa. Kipande kidogo cha mfupa hukaushwa, huwekwa ndani ya sumaku ya mashine maalumu, na alama yake huonekana kwenye skrini. Viwango vya Ulaya vya EN 1785 kwa mafuta na EN 1786 kwa mifupa ndivyo vinavyofuatwa sana. Mkaguzi anayechukua sampuli ya kuku kwa ajili ya kipimo hiki asichukue minofu mitupu. Achukue paja lenye mfupa wake, alifunge likiwa bado limeganda, na aandike kwenye fomu joto la friza alilolikuta.